Nusu Ingine Mulimupa Nani?

Siku ya kwanza ya kazi yangu, mugeni alinirudishia kikombe mukononi na akaniuliza kama mu ile hoteli tulikuwa tunagawa mate.

Hoteli ilikuwa chini kule Bukavu, kando ya ziwa. Leo imekuwa depo ya bia, lakini hiyo ni habari ingine. Nilikuwa nimetoka kwetu Kasha na viatu vya kuazima, masomo ya primaire sikumaliza. Asubuhi ile Bwana Gérant, mukubwa wa hoteli, alinionyesha namna ya kukamua express, kahawa nzito ya machine. Unatia unga wa kahawa mu porte-filtre, ile kijiko kubwa ya chuma yenye mukono. Unagandamiza, unafunga ku machine, maji ya moto inapita na nguvu. Kikombe kidogo kikifika nusu, unasimamisha. Nusu! Kisha pale kunatoka uchungu na maji tu.

Sasa muzee mumoja wa Kabare anaketi na watu wake, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti. Namupelekea kikombe kidogo, tena nusu. Kwetu Bashi mugeni unamujazia mupaka juu. Kumupa nusu ni kumwambia: simama uende, tumekuchoka.

"Nusu ingine mulimupa nani?" akauliza.

Bwana Gérant akakuja mbio. "Papa, ni express. Njo iko vile."

"Basi munywe ninyi. Mie niko na kiu."

Akaenda, na wale aliokuja nao nyuma yake. Nilizani watanifukuza kazi. Bwana Gérant akaniambia tu: "Usijazie mutu, hata akilia. Siku utajaza, utakuwa mupishi wa chai." Ile neno nimeibeba maisha yote, na imenigombanisha na nusu ya Bukavu.

Kisha hoteli kufunga, nikaenda kwa masista, mu nyumba yao ya wageni. Mukubwa wangu pale alikuwa Mère Économe, mwenye kushika funguo zote, hata ya sukari. Machine yake ilikuwa ya levier: haina pompe, ni wewe unavuta mukono wa chuma chini, ressort, chuma ya kujikunja, inasukuma maji. Inachemuka na gaz. Mère Économe alikuwaka anasema: "Machine ni kama mugeni wa kulala. Usiangalie nguo yake. Uliza kwanza anakula nini." Maana yake: inakula courant ya umeme ngapi, inakula maji gani, na ile joint, mupira unaofunga maji isivuje, ikikatika utaipata wapi? Kwake njo nilifanyia kazi mupaka pension.

Nilizani nimemaliza na machine. Kumbe hapana.

Nsimire, mutoto wa dada yangu marehemu, akauzisha shamba ya Nyantende, ile mama yake alimuachia, kusudi afungue nyumba ndogo ya kahawa huku Nyawera. Hakuna shamba ingine. Akikosea machine, imekwisha. Sasa badala anunue kimya-kimya, famille ikaita réunion ya kuchagua machine. Watu ambao hawajaonja express hata siku moja! Sisi tunalima kahawa ku milima yote hii, magunia inapita mbele yetu, na nyumbani tunakunywa chai.

Kaka Mukubwa, kichwa ya famille, alikuwa ameshika telefone mbali na macho. Ndani mulikuwa picha ya machine kubwa nyekundu, yenye midomo mbili.

"Hii," akasema. "Mutu akipita inje, anaiona."

"Kaka, hiyo inakula courant kama kiwanda. Na courant ya hapa unaijua, inakatika kila siku. Anunue levier kama ya masista," nikasema.

"Wewe unapendaka kurudisha batu nyuma. Ile ya masista iko nyeusi kama nyungu ya maharagi."

"Rangi yote ni muzuri," bibi yake akasema, "lakini nyekundu inafanana na mapazia."

Mapazia! Nikasimama, nikaketi. Ndugu mwingine akauliza kama inaweza pia kuchemusha mayai. Niliona nitakufa pale pale.

Nsimire akasogeza kiti karibu yangu. Kisha akaniuliza mimi peke: "Tonton, na moulin, ya kusaga kahawa? Ile itakula nini?"

Mu kazi yangu yote groupe, machine ya kutoa courant, ilikuwa nyuma ya nyumba, inaunguruma. Moulin sikuifikiriaka hata.

"Basi nitatafuta ya kuzungusha na mukono," akasema. Akafunga picha ya machine nyekundu mu telefone ya Kaka Mukubwa, akaagiza levier moja, nyeusi, na chupa ya gaz. Kaka Mukubwa akaapa atakuja siku ya kufungua kwa kuona haya yetu.

Akakuja kweli, na wazee wote. Padri akabariki machine, tukasema amina, na courant ikakatika pale pale. Hakuna aliyeshangaa. Gaz ikaendelea kuimba, Nsimire akazungusha moulin na jasho usoni.

Wa kwanza kupewa ni mukubwa. Hiyo haina mabishano. Kaka Mukubwa akipewa nusu, atasimama, na wazee watamufuata, na Nyawera yote itajua mbele ya jua kuzama. Nsimire akavuta levier, express ikatoka nusu, vizuri. Kisha akaitia mu gobelet, kikombe kubwa, akamwanga maziwa ya moto mupaka ku midomo, mupaka inataka kumwangika!

Nikashika kichwa. Maisha yangu yote, mu maziwa!

Kaka Mukubwa akakunywa, akapangusa mundevu. "Ah. Hii njo kahawa. Muongeze sukari." Wazee wakaagiza kama yake. Wote. Wapita njia wakaona gobelet zimejaa, wakaingia. Shamba ya dada yangu ikapona na maziwa, mimi nikiwa ku kona nimenuna.

Nsimire akanifikia mwisho. Akaweka mbele yangu kikombe kidogo. Nusu.

Bibi ya Kaka Mukubwa akapiga kelele: "We mutoto! Unamunyima tonton yako mbele ya batu?"

"Hapana, maman," Nsimire akasema. "Huyu sitamujazia hata akilia."

Nikainama juu ya kikombe, kusudi batu wasione macho yangu.