Ndevu Nyekundu za Sura ya Tisa

Mimi hulipwa kusoma maandishi mabaya. Kazi yangu ni kusahihisha miswada katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Industrial Area, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza kutoa kalamu, kurekebisha kinachorekebishika, kisha kwenda nyumbani Buruburu bila kumchukia mtu. Lakini kile kitabu alichokuja nacho binti yangu kutoka shuleni kilinitia kinyongo ambacho hadi leo hakijanitoka.

Kilikuwa riwaya ya vijana ya mambo ya ajabu: majoka, unabii, kiti cha enzi kilichoporwa, msichana mteule wa kukikomboa. Sina ugomvi na majoka. Mtoto akitaka kusoma habari za joka na asome, mradi joka lenyewe liwe limeandikwa na mtu aliyekaa chini akafikiri. Huyu hakukaa chini. Msichana mteule alikuwa yatima katika ukurasa wa kwanza, na kufika sura ya tatu mama yake anamkaangia mandazi. Farasi wake alikufa vitani, akaliliwa kurasa nzima, na kesho yake akatandikwa akapandwa. Theluji ilianguka juu ya mashamba ya mtama na mtama ukaendelea kuiva. Kila mtu alikuwa na macho ya zambarau au ya fedha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho ya kawaida, kama ya watu ninaokutana nao Jogoo Road.

Na Kiswahili chenyewe! "Alitoa pumzi ambayo hakujua alikuwa ameishikilia." Hiyo ilikuwa kila baada ya kurasa chache. Mtu anashikiliaje pumzi bila kujua? Na nani kati yetu huzungumza hivyo? Hicho ni Kiingereza kilichofungwa leso. Nilikasirika kwa sababu kuna watu waliokaa ofisini wakakisoma, wakakipiga mihuri, wakakituma kwa watoto wetu wakiamini watoto hawajui tofauti.

Basi mwaka huo kitabu hicho ndicho kilichochaguliwa kwa shindano la kusoma kwa sauti. Kila shule ingetoa msomaji mmoja, naye angesoma kifungu mbele ya waamuzi na wazazi. Wasichana kadhaa wa kidato cha pili, binti yangu akiwamo, wakawa wanakuja kwangu kila Jumamosi kufanya mazoezi, kwa kuwa sebule yangu ina viti vya kutosha na mimi sichoki kupika chai.

Mazoezi yenyewe yaligeuka mchezo. Kanuni ilikuwa moja: anayesoma asome kwa uso mkavu, kama mtangazaji wa habari za vifo, na atakayecheka kwanza aende kuosha vikombe. Binti yangu aliosha vikombe karibu kila juma. Farasi alipofufuka alijitupa kwenye zulia.

"Msee, si huyu farasi alidedi?" akalia.

"Alidedi, lakini hakuambiwa," nikamjibu, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Ni msichana mmoja tu ambaye hakuosha kikombe hata siku moja. Alikuwa rafiki mkubwa wa binti yangu, mtoto wa Kiamaiko, kule kwenye soko la mbuzi kando ya mto, na yeye ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuisomea shule. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo na haikuwa na haraka. Ungemsikia akisoma hata ule upuuzi, ungejikuta umeacha ulichokuwa unafanya. Aliweza kutamka "macho yake ya zambarau yalitiririsha machozi ya lulu" bila hata shavu kutikisika, huku wenzake wakibingirika.

Baba yake ni dalali wa mbuzi. Namfahamu, kwa sababu chama chetu cha majirani hununua mbuzi kwake kila tunapokuwa na sherehe. Hakuwahi kukanyaga shuleni kwa binti yake. Mikutano ya wazazi alimwachia mkewe, kwa kuwa hakusoma na aliona ataulizwa kitu asichokijua. Na nyumbani hakupata kumsikia mtoto wake akisoma, maana chumba ni kimoja, wadogo zake wengi, na yeye husoma kimoyomoyo. Lakini shindano hili lilihitaji masikio tu. Akasema atakuja.

"Baba amesema siku hiyo haendi sokoni," msichana alituambia, akijifanya jambo lenyewe linamchosha. Jumamosi iliyofuata akatuambia tena.

Kisha tukafika sura ya tisa. Ilikuwa zamu yake kusoma. Msichana mteule anaingia katika mji wa maadui, kwenye vichochoro kando ya mto mchafu, mbuzi wamejaa njiani. Akasoma kwa uso uleule mkavu:

"Katika Soko la Wanywaji Damu waliketi wazee wa mashariki, shuka mabegani, ndevu zao nyekundu kwa damu ya mbuzi waliowafyonza wakiwa hai. Walificha mikono chini ya nguo na kubonyezana vidole, kwa maana hiyo ndiyo lugha ya mapepo, na kila kidole ni roho moja iliyouzwa."

Akashusha kitabu magotini. Mmoja wa wasichana alikuwa ameanza kucheka, kwa mazoea tu, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Si hii ni Kiamaiko?" binti yangu akauliza polepole.

Ilikuwa Kiamaiko, hata kipofu angeona. Ndevu nyekundu ni hina, ambayo wazee wale hujipaka kwa heshima ya umri na dini, na ambayo baba yake hujipaka. Mikono chini ya shuka ni biashara. Dalali na mnunuzi hushikana mkono, hutupia shuka juu, na bei huzungumzwa kwa vidole ili waliosimama pembeni wasiisikie. Bonyezo hili ni hivi, bonyezo lile ni vile, mmoja anatikisa kichwa, wanaanza tena. Nimesimama pale nikitazama na sijawahi kuona biashara yenye adabu kama ile. Hakuna anayemvunjia mwenzake heshima mbele ya watu. Mwandishi alipita pale, naapa alipita, akaona kila kitu, na hakujishughulisha kumuuliza hata mtu mmoja, "Mzee, mnafanya nini?" Angejibiwa. Angepewa na chai. Badala yake akaenda nyumbani akawageuza watu wa watu kuwa mashetani, akawapa jina la kubuni, akadhani amejificha.

"Ni bei tu," msichana akasema, kana kwamba tulikuwa tumemshtaki. "Wanapatana bei."

"Tunajua, mama," nikamwambia. Siku hiyo vikombe niliviosha mwenyewe.

Mpaka hapo ningeweza kukifunga kitabu, nikakiita takataka, yakaisha. Lakini wiki iliyofuata waandalizi wakatuma kifungu cha shindano, nacho kilikuwa hichohicho, Soko la Wanywaji Damu, kutoka juu mpaka chini. Walikichagua, tuliambiwa, kwa sababu kina msisimko.

Nilikwenda shuleni. Nilimkuta mwalimu aliyesimamia shindano, mwanamke mpole aliyechoka, marundo ya madaftari mbele yake. Nikamweleza habari za hina, za shuka, za mzee atakayekaa kwenye kiti amsikie mtoto wake wa kumzaa akimwita mnywaji damu kwenye kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama, hiyo ni hadithi tu," akasema.

"Mwalimu, ingekuwa inasema hivyo kuhusu baba yako ingekuwa hadithi tu?"

Akashusha pumzi. Alisema kifungu hakichaguliwi na yeye, shule zote zinasoma hichohicho, na msichana akiona ni vigumu anaweza kumpisha mwenzake. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, nikatoka. Niliwaandikia waandalizi pia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote kilichomo ndani ya kile kitabu. Hawakujibu.

Jumamosi ile nilimwambia msichana kwamba asijione amefungwa. Akitaka kujitoa nitasimama naye. Aliniangalia kana kwamba sikumwelewa tangu mwanzo.

"Anti, mimi nataka kusoma," akasema. "Hii nafasi ni yangu. Sitaki kuipa mtu."

"Na baba?"

Akafungua ukurasa.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa wazazi mpaka wengine wakasimama mlangoni. Wasomaji wa shule nyingine walikuja mmoja baada ya mwingine, wakakisoma kile kifungu kwa kutoa macho na kunguruma kama fisi, na watu wakafurahi. Kwa kila mmoja ndevu zilizidi kuwa nyekundu. Mzazi mmoja nyuma yangu akamnong'onezea mwenzake, "Wale wa mbuzi hao," wakacheka, nami nikageuka nikamtazama mpaka akaangalia simu yake.

Wa kwetu alipanda na hijabu nyeupe iliyopigwa pasi. Hakunguruma. Aliyasoma maneno yale kwa utulivu, kama mtu anayesoma jambo la kusikitisha lililowapata jirani zake, na alipofika kwenye vidole chini ya nguo sauti yake ikashuka, ikawa laini, na ukumbi ukatulia. Sijui alifanyaje. Kwa muda mfupi wale wazee wakawa watu, wamekaa sokoni wakishikana mikono, na ubaya wote ukabaki kwa yule anayewasimulia. Watu walisimama kumpigia makofi. Nililia, na nilikasirika kwamba nalia kwa sababu ya kitabu kile.

Nikageuka kumtafuta baba yake. Nilitafuta kofia, nikatafuta shuka, nikaenda mpaka mlangoni. Hakuwapo. Msichana aliposhuka na cheti chake cha ushindi, nikamuuliza mzee yuko wapi.

"Nilimwambia imeahirishwa," akasema. Alisema kwa uso wake ule mkavu, kisha akaenda kupigwa picha na wenzake.

Angemleta, mzee angesikia. Angejitoa, mzee angeuliza kwa nini. Mtoto wa kidato cha pili aliachiwa achague njia ipi ya kumficha baba yake, na watu wazima wote tuliohusika, kuanzia aliyeandika mpaka aliyetuma, tulikuwa tumekwenda kunywa soda.

Siku chache baadaye majirani walinituma Kiamaiko kuchukua mbuzi wa sherehe ya ubatizo. Mzee aliniona kwa mbali akaja mwenyewe. Tukasalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza habari za binti yangu, nami nikamuuliza za wa kwake. Akanichagulia mbuzi mzuri. Nilikuwa nimeshashika kamba ninataka kuondoka aliponiita kando.

"Mama, ile siku ya kusoma, walimu wameshatoa tarehe nyingine?"

Nilimwambia bado.

"Nimeshonesha kanzu," akasema. "Sasa tarehe ikitoka, tafadhali niambie wewe mwenyewe. Huyu mtoto ana haya, anaweza akaona afadhali nisije."