Gauni la Buluu Kutoka Ng'ambo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na kama una mtoto mapajani mwache alale hapo hapo. Sauti yangu siku hizi haina nguvu ya kumwamsha mtu. Nataka nikueleze jinsi watoto wetu walivyolelewa na watu ambao hawakuwahi kuwaona, na jinsi mmoja wa watu hao, siku alipofika kumwona mtoto wake, alivyomkumbatia mtoto mwingine. Nitakwenda polepole. Jambo lenyewe ni dogo, na jambo dogo ukiliharakisha hulioni.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ya baada ya vita. Makao yetu ya yatima yalikuwa Temeke, pale nyumba za makuti zilipokuwa zikiishia na mikorosho kuanza. Wanaume wengi wa mtaa ule walikuwa makuli wa bandarini. Alfajiri uliwasikia wakipita kwa miguu, wakikohoa na kutaniana njia nzima. Mimi ni mtu wa bara. Mume wangu alikuwa mwalimu wa misheni, na alipofariki misheni iliniomba nibaki niwatunze watoto. Nikabaki. Sikuwa na mahali pengine palipokuwa pakiningoja.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Kule ng'ambo kulikuwa na usharika mmoja wa Wakristo, na kila familia ya usharika ule ilichagua mtoto wetu mmoja kwa picha yake, ikamlea kwa mbali: chakula, shule, dawa ya homa. Mtoto naye alifundishwa kumwombea mlezi wake kila jioni kabla ya kulala. Watoto wakawaita mama zao wa ng'ambo, na wakawa wakishindana juu yao kama watoto wengine wanavyoshindana juu ya wajomba.

"Wangu ana ng'ombe."

"Wangu ana jino la dhahabu."

"Umeliona wapi?"

"Analo tu."

Kila Krismasi sanduku la nguo lilishuka melini, na ndani yake kila mama wa ng'ambo alikuwa amemshonea mtoto wake gauni au kaptura kwa mkono wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba walishona kwa kuitazama picha, na picha haikui. Mtoto alipigwa picha wiki ile aliyofika, akiwa mdogo na macho yamevimba kwa kulia. Nguo ikashonwa, ikavuka bahari, ikafika ikimtosha yule mtoto wa mwaka juzi. Kwa hiyo mimi nilifumua pindo. Nilishusha upindo kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, na kitambaa kilipokwisha nguo ilikwenda kwa mtoto mwenye kimo chake. Hatukuona ajabu. Kila nyumba yenye watoto wengi inaishi hivyo. Shati la kaka ni shati la mdogo wake linalosubiri.

Kati ya watoto wale kulikuwa na wasichana wawili ninaotaka uwajue. Mmoja nitamwita mkubwa. Baba na mama yake walikufa katika masika yale yale, na bibi yake alimleta kwetu akiwa amembeba mgongoni. Mama yake wa ng'ambo alimshonea gauni la buluu lenye kola nyeupe, na juu ya kola alidarizi ndege wadogo kwa uzi mwekundu. Mkubwa alilivaa mpaka likampanda juu ya magoti. Likaenda kwa mdogo, mtoto mwenye mashavu ya duara, aliyekuwa mgeni kwetu na bado hana mtu wa ng'ambo aliyemchagua. Mkubwa alimfunga vifungo mwenyewe, akamwonya asifutie kamasi kwenye ndege.

Halafu tukaambiwa wageni wanakuja. Watu kadhaa wa usharika walikuwa wamejikusanya kusafiri kwa meli kuja kuwatembelea watoto, na mama wa ng'ambo wa mkubwa alikuwamo. Hujui maana ya habari kama hiyo kwa mtoto ambaye amemwombea mtu kila jioni kwa miaka mitatu. Alianza kula haraka, kana kwamba siku zingepita upesi sahani zikiisha. Aliniuliza kama mama huyo atamjua. Nikamwambia bila shaka atamjua, ana picha yako.

Sisi wakubwa tulijiandaa vingine. Tulipaka chokaa, tukachota maji kisimani debe baada ya debe, tukawanyoa watoto wote vichwa kwa sababu ya chawa. Na tukawafundisha adabu kama tulivyofundishwa sisi: mgeni hapingwi. Mtu mzima akisema jambo, itika. Usimkodolee macho. Amkia, kisha ngoja.

Asubuhi ya siku yenyewe lori la misheni liliingia uani, na watoto walikuwa wamepangwa mstari, vichwa vinang'aa. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria kubwa ya chai. Mlangoni nikaona mama mmoja wa Kizungu, mnene kidogo, amevaa kofia ya ukili, akishuka na kusimama. Aliangalia mstari ule wa vichwa vilivyofanana. Kisha akaiona kola. Aliwatambua ndege wake kabla ya kumtambua mtu yeyote, akaenda mbio, akapiga magoti mchangani, akamkumbatia yule mdogo akilia na kumwita kwa jina la ubatizo la mkubwa.

Mdogo alikuwa amefundishwa vizuri. Alisema, "Ndiyo, mama."

Mkubwa alikuwa amesimama watoto wawili kutoka pale, mrefu, mwembamba, ndani ya gauni la kaniki, maana yale ya ng'ambo hayakumtosha tena. Yule mama alipoinuka alipita mbele yake. Mkubwa akasema shikamoo. Mama akamjibu marahaba, kama mkalimani alivyomfundisha njiani, akampigapiga begani na kuendelea.

Mpaka nilipofuta mikono na kufika uani, watoto walikuwa wameanza kuimba.

Nilimwendea mkalimani, nikamweleza kwamba mtoto aliyekumbatiwa siye. Alikuwa mwalimu wetu, kijana mpole aliyetafsiri kila neno kwa namna ya kumfurahisha kila mtu. Alishtuka, akaenda kumnong'oneza mchungaji wa misheni yetu, na mchungaji akaniita pembeni. Alisema mama yule amevuka bahari, amelia kwa furaha, na siku ya tatu wanapanda treni kwenda bara kutembelea misheni nyingine. Kumwambia sasa kwamba amemkosa mtoto wake ni kumwaibisha mbele ya wenzake. Aliniomba niwe na subira. Mkubwa ni mtoto mwenye akili, ataelewa. Hakuwa mtu mbaya yule mchungaji. Alikuwa amechoka kama mimi, na mtu aliyechoka hupenda jambo lililokwisha.

Kwa hiyo mdogo alikaa mapajani pa yule mama siku mbili. Alipewa mwanasesere mwenye nywele za sufu. Aliitika jina lisilo lake kila alipoitwa, na kila alipoitika alimtazama mkubwa kwanza. Mkubwa hakulia. Aliosha vyombo, akafagia, akaleta kuni bila kutumwa. Jioni, watoto walipofika mahali pa kuwaombea walezi wao, alifumba mdomo.

Nilimuuliza kwa nini hasali.

Akasema, "Simjui wa kumwombea. Yule ni wa mwenzangu."

Nilitaka kumweleza, maana kueleza ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, lakini miguu iliniuma. Nilimfunika shuka tu.

Kesho yake nilikwenda kununua uzi kwenye duka la Mwarabu la mtaani kwetu. Mke wake, ambaye alikuwa rafiki yangu na alinicheka sana kwa Kiswahili changu cha bara, aliniuliza mbona uso umenianguka. Nikamsimulia. Alisikiliza huku akipima uzi, kisha akasema kwamba sisi watu wa misheni tuna adabu nyingi kuliko watu wa pwani, na hilo hakulitegemea.

"Dada," akaniambia, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wenu yuko siku ya ngapi?"

Nilirudi nyumbani na uzi na neno hilo. Mdogo alikuwa amejificha nyuma ya jiko, mwanasesere amemweka kifudifudi chini ya kapu la mkaa. Nilipochutama kumtazama alisema polepole, kama mtu mzima aliyetoka kazini:

"Mama, nimechoka kuwa yeye."

Basi nikaamua. Nilimvua mdogo gauni la buluu, nikamvika la kwake. Nikawashika wote wawili mikono, na kapu langu la ushoni begani, nikaenda barazani ambako yule mama alikuwa ameketi peke yake akijipepea. Mkalimani hakuwapo, na nilishukuru, kwa sababu angelainisha. Niliketi sakafuni. Nikaligeuza gauni upande wa ndani, nikamwonyesha pindo.

Ukifumua upindo, msikilizaji wangu, alama haitoki. Pale ulipokuwa umekunjwa rangi hubaki mbichi, na matundu ya sindano hukaa kwa safu. Gauni lile lilikuwa na mistari mitatu. Nilimsimamisha mkubwa, nikampima nalo. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ule alioushona yeye mwenyewe kule kwake, kisha nikashusha kiganja changu hadi kwenye kimo cha mtoto alivyokuwa siku ile. Mstari wa pili, nikapandisha kiganja. Wa tatu, nikapandisha tena. Kisha nikaliachia gauni lining'inie kifuani pake, nalo likaishia mapajani, na miguu mirefu ikabaki.

Mama yule alipitisha kidole juu ya mshono wake mwenyewe. Alimtazama mdogo, akamtazama mkubwa, akaitoa picha mkobani na kuitazama hiyo pia. Uso ulimwiva. Sikuijua nchi yake wala mji wake, lakini aibu ya mtu mzima naijua, ni moja kila mahali. Nilidhani ataondoka.

Alishuka kitini. Alikaa sakafuni kando yetu, vumbi na sketi yake pamoja, na kwa Kiswahili alichojifunza akamwambia mkubwa, "Jina lako nani?"

Mkubwa alitazama sakafu. Tulingoja. Yule mama hakumtajia jina lile alilolijua. Ndilo jambo ambalo nimemheshimia mpaka leo. Alinyamaza tu na kungoja, na nzi wakatuzunguka, na mwisho mtoto akasema. Hakutaja jina la ubatizo. Alitaja lile la kwao, alilopewa na bibi yake, ambalo hata mimi nilikuwa silitumii.

Mama akajaribu kulirudia, akakosea.

Mkubwa akainua macho. "Siyo hivyo," akasema, akalitaja tena, taratibu, kama mimi ninavyoeleza.

Akajaribu mara nyingi. Mdogo akaanza kucheka, kisha naye akamsahihisha, na nikawaacha. Watoto wawili wa nyumba yetu walikuwa wakimpinga mgeni barazani, nami nikatunga uzi kwenye sindano.

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Mwanasesere alibaki kwa mdogo, kwa sababu mkubwa alisema hataki kitu kilicholala kwenye mkaa. Jioni alifumba macho akasali, kwa kifupi. Sanduku la Krismasi lilipokuja, gauni lake lilikuwa refu mno, upindo mpana kama kiganja, na kulikuwa na gauni lingine dogo kando yake.

Baada ya hao walikuja wengine, msafara baada ya msafara. Kila mara chokaa, kila mara madebe ya maji, nyimbo, na usiku wa kilio lori likishaondoka. Sikuwahi kuzoea. Watu wema wale walitoka mbali, na watoto walipewa kitu walichokihitaji, sitasema vinginevyo. Lakini aliyebaki kufuta machozi nilikuwa mimi, na mikono ina mwisho wake.

Nawe ukimlea mtoto wa mbali, lea, usiache. Na siku utakayokwenda kumwona, usimtafute kwa picha wala kwa nguo uliyomtumia. Keti chini, muulize anaitwa nani kwao, kisha nyamaza mpaka ajibu.