Maziwa kwa Paka Asiyepumua

Leo dukani, mjini Sumbawanga, muuzaji alifungua pakiti ya dawa ya kuhifadhia mahindi, harufu ikanikaba koo. Hasira ikanipanda palepale.

Nilikuwa darasa la tatu, kwetu Kasense. Baba alichanganya dawa ile na mahindi ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, na paka wangu alikuwa amelala juu ya magunia. Nilipomwona tena alikuwa amechuchumaa, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka mbiombio. Fizi zake zilikuwa rangi ya majivu.

"Baba, hapumui vizuri! Tumtoe nje!"

"Maziwa yanaua sumu," alisema. "Mshike kichwa."

Nilikataa. Akamshika mwenyewe, akammiminia maziwa kooni kwa kijiko. Paka alikohoa mara mbili, akajinyoosha, akatulia. Maziwa yakamtoka puani.

Jirani yetu, bwana mifugo, alisikia kilio changu akaja. Nilimwamkia shikamoo huku nalia. Alimtazama paka, kisha baba.

"Anayehangaika kupumua hanyweshwi kitu, mzee wangu. Mngemtoa penye hewa, mkamwacha atulie, mkaniita. Nilikuwa hapo tu."

"Ni paka tu," baba alijibu.

Nikaichukua sufuria, nikayamwaga maziwa yote yaliyobaki miguuni pa baba. Nilichapwa fimbo kwa ajili ya maziwa yale. Kwa ajili ya paka, hakuna aliyeulizwa neno.