Mnong'onezaji wa Mwalimu Protais

Ukiuliza Cyangugu habari za Mwalimu Protais, utaambiwa kwamba mzee yule amezeeka na akili zake zote. Waache waseme. Anayejua ukweli hapo mjini ni mkewe, Védastine, naye aliamua kufunga mdomo.

Protais alikulia ng'ambo ya mto, Bukavu, upande wa Kongo, na huko ndiko alikofundisha Kifaransa katika shule ya mapadri. Somo alilolipenda hasa lilikuwa tamthilia za Ulaya. Aliwaeleza wanafunzi jinsi Wagiriki walivyochonga viti vya mawe ubavuni mwa kilima, wakaigiza misiba ya wafalme wakiwa wamevaa vinyago. Jinsi mchezo wa mateso ya Yesu ulivyotoka kanisani ukaenda kuchezwa sokoni. Jinsi Waingereza walivyowavika wavulana magauni, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kupanda jukwaani. Na jinsi waandishi wa Kifaransa walivyowacheka wakubwa wa Paris machoni pao, nao wakubwa hao wakalipa kiingilio na kupiga makofi. Hapo alikuwa akicheka peke yake, darasa likimtazama tu.

Kila mwaka wanafunzi wake walicheza tamthilia moja, na kila mwaka alihitaji souffleur. Huyo ni mtu ambaye katika kumbi za Ulaya aliketi ndani ya shimo mbele ya jukwaa, maandishi mkononi, akimnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Bukavu shimo halikuwapo. Palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma yake aliketi binti aliyeshona magauni ya malkia, ndiye Védastine. Protais mwenyewe alipenda kuigiza mfalme, na mfalme huyo alikuwa msahaulifu kuliko wanafunzi wake. Wakazoeana hivyo hivyo, mpaka wakaoana.

Waliporudi Rwanda, shule zikahamia Kiingereza, na Wagiriki wa Protais wakakosa wa kuwasikiliza. Jambo hilo lilimuuma sana. Kilichomponya ni harusi. Katika gusaba, sherehe ya kumwomba binti kwao, familia mbili huketi zikitazamana chini ya mahema. Upande wa binti hujifanya haujui wageni wamefuata nini. Msemaji wao hukejeli, hutoa visingizio, hukataa. Msemaji wa upande wa kijana humjibu kwa heshima na utani mpaka akubaliwe. Mwisho wake kila mtu anaujua, lakini ole wake msemaji atakayekosea jina la ukoo, maana watu watalisimulia kosa hilo mpaka kwa wajukuu. Protais akawa bingwa wa kazi hiyo, na Védastine akawa haketi mbali na kiti chake.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia, polepole. Aliweza kukutajia vizuri Wagiriki na waliowafuata, huku akiuliza kama amekula na kijiko kiko mkononi. Binti yao Charlotte, aliye Kigali, alimpeleka kwa daktari, kisha akamsihi mama yake: baba asisemeshwe tena mbele za watu. Védastine akakubali.

Ndipo akaja Dative, mdogo wake Védastine, mjane aliyeishi Muganza. Mwanawe Jean-Paul, kijana wa kiwanda cha saruji, alikuwa amepata mchumba huko Nkanka.

“Yaya, papa yake alishakufa,” Dative alimwambia dada yake. “Nani mwengine atatusemea? Papa Charlotte atusaidie.”

Védastine angeweza kumwambia ukweli. Aliona aibu, na tena alitamani kumsikia mumewe akisema mbele za watu walau mara moja zaidi. Hilo lilimshinda nguvu.

“Atasema,” akajibu. “Miye nitaikala nyuma yake.”

Wiki nzima walifanya mazoezi sebuleni. Usiku Védastine hakulala vizuri. Mzee akiharibu, ugonjwa utajulikana na wote, na Jean-Paul ataingia katika ndoa na aibu isiyo yake.

Siku ilipofika, mahema yalijengwa Nkanka mahali ziwa linapoonekana lote. Protais alisimama na fimbo yake, suti imenyooka. Kwa kuwa pande zote mbili zilikulia Bukavu, maneno yalianza kwa Kinyarwanda yakaishia kwa Kiswahili. Alipokwama, Védastine alimpa silabi moja kutoka nyuma, naye akaidaka na kwenda. Jina la ukoo likapita salama. Watu walicheka mpaka machozi. Védastine akaanza kupumua.

Msemaji wa upande wa pili alikuwa Mzee Dusabimana, mcheshi asiyejua kukoma.

“Papa, banasema unaombaka bibi za bengine vizuri,” alisema. “Na ya kwako? Utaje jina yake hapa, batoto basikie, tujue kama unajua kutunza muntu.”

Hilo halikuwamo kwenye mazoezi. Protais akageuka nyuma. Védastine aliyajua macho yale tangu enzi za pazia la kitenge. Ni macho ya mtu anayeomba maneno. Akampa silabi ya kwanza. Protais akaendelea kungoja.

“Védastine,” akanong'ona, jina zima.

Protais akaugeukia umati. Kwa sauti iliyojaa hema lote, alisema bibi yake anaitwa Védastine, kwamba alimpata akiwa binti na hajajuta siku hata moja, kwamba atakayempa Jean-Paul mke wa namna hiyo amempa nyumba. Wanawake wakapiga vigelegele. Védastine naye akapiga, kwa sababu angenyamaza wangemtazama. Dusabimana akainua mikono: binti ametolewa. Dative alikuwa akilia kwa furaha.

Vinywaji vilipoanza kugawiwa, Protais aliketi akamwinamia mkewe, kwa adabu anayopewa mgeni.

“Maman, samahani,” alisema. “Ule Védastine iko wapi? Bamuite, anisikie vile nilisema.”

Védastine alimtengenezea tai iliyokuwa imepinda.

“Alishasikia, Papa,” akamwambia. “Alisikia yote.”