Kabichi Zilizopita Nyumbani kwa Mama Zuhura

Niliondoka Tanga kwa sababu ya barua. Rafiki yangu Yohana, niliyesoma naye chuo cha ualimu, sasa ni mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa huko juu ya Soni. Aliandika, akiniita "bwana" kwa Kisambaa: "Mgosi, masika yanakaribia na watu hawaelewani nani apande nini wapi. Njoo na burashi zako, utuchoree bustani itakavyokuwa."

Yohana ndiye mtu pekee aliyewahi kuusifu uchoraji wangu. Bwenini vitanda vyetu vilikuwa kwenye kona isiyo na dirisha, basi nikachora dirisha ukutani na kilima nje yake. Kila asubuhi Yohana alijifanya analifungua, anavuta hewa, kisha anatangaza kwamba leo kutanyesha. Nazikumbuka siku zile kwa furaha hata leo. Mtu aliyesifiwa namna hiyo hakatai mwaliko.

Mombo nilifika saa sita mchana. Nikapata lori lililokuwa limeshusha mboga na sasa linarudi tupu, nikakaa nyuma na makopo yangu ya rangi: mawili ya kijani, moja jeupe, moja la bluu. Zile kona za kupanda Soni hazina adabu. Kopo moja la kijani lilifunguka njiani, nami nikashuka na kiatu kimoja cha rangi ya kabichi.

"Karibu mwe!" Yohana alinipokea. "Naona umeshaanza kazi."

Asubuhi ya pili nilisimamisha ubao mbele ya ofisi ya kijiji. Ofisi ilikuwa bado ya nyasi, lakini bati zake mpya zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikisubiri kuezekwa. Nikachora milima, ukungu, karoti kulia, maharage kushoto, na katikati kabichi. Pale katikati, shambani kwenyewe, palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Mama Zuhura. Niliiona vizuri kabisa. Lakini mistari yangu ya kabichi ilikuwa imenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, nikaona ni dhambi kuikatiza. Nikaipitisha.

Alasiri mkutano ulikaa. Watu waliitazama picha, wakapiga makofi, wakanyoosha mikono yote.

"Picha imepita," alisema Yohana. Nilijiona mkubwa.

Asubuhi ya tatu nilitoka nikakuta wajumbe wanapima shamba kwa kamba, kama picha ilivyoagiza. Kamba iliingia kwa Mama Zuhura kwa mlango wa mbele, ikapita juu ya sufuria ya chai, ikatokea uani. Mwenyewe alikuwa ameketi chini yake, anakoroga chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenifuta?"

Aibu iliyonishika siwezi kuisimulia. Aliniambia jana hakuja mkutanoni kwa kuwa mbuzi wake alikuwa anazaa, na kwamba sasa nyumba itavunjwa kabla ya mvua, yeye apewe kiwanja kule kwenye mawe.

Nilimkimbilia Yohana. "Nimekosea mimi! Waambie waiache nyumba."

"Mgosi, kilichopitishwa na mkutano hakifutwi na mtu mmoja. Hata mwenyekiti."

"Lakini picha haijakamilika," nikasema. "Bluu sijaigusa."

Yohana alifikiri sana, halafu akakubali: picha isiyokamilika inaweza kukamilishwa, kisha irudi mkutanoni.

Saa nne nilikuwa ubaoni tena, nikifunika kabichi zangu kwa rangi nyeupe. Ziliniuma, sikatai. Mama Zuhura alisimama nyuma yangu, kamwacha mbuzi kwa jirani.

"Mlango uelekee bustani," alisema. "Marehemu aliuelekeza chooni. Upake bluu."

Nikapaka.

"Dirisha."

Nikapaka dirisha.

"Sasa bati."

"Mama, nyumba yako ni ya nyasi."

"Wewe si unachora itakavyokuwa?"

Nikachovya burashi tena. Nikapaka bati, nyeupe kwa bluu, zinang'aa.

Mkutano ulikaa tena alasiri. Watu walifurahi kuiona nyumba imerudi, mikono ikanyooka yote, mkono wa Mama Zuhura ukiwa wa kwanza. Mjumbe mmoja aliuliza hizo bati zitatoka wapi. Mama Zuhura aligeuka tu akazitazama zile zilizoegemezwa ukutani.

"Lakini mama, hizo ni za ofisi!" Yohana alisema.

"Mwenyekiti, kilichopitishwa na mkutano hakifutwi na mtu mmoja."

Siku iliyofuata nikateremka Mombo, nikarudi Tanga na kiatu changu cha kijani. Nimejifunza kwamba kabla ya kunyoosha mstari, uliza nani analala hapo.

Masika yalipokolea nilipata barua ya Yohana. Kabichi zimeshika, Mama Zuhura anazitazama kutoka mlango wake wa bluu. Wino ulikuwa umechujuka kwa matone, maana aliandikia ofisini, chini ya nyasi zilezile zinazovuja. Mwisho aliuliza kama naweza kwenda kumchorea paa.

Nimemjibu niko tayari, ila kwanza aombe bati kwa Mama Zuhura.