Maneno ya Mama Mdogo Yaliyokatwa

Nilianza kumchukia kiongozi wa kundi letu siku ya kwanza, alipocheka nilivyotamka neno "utafiti". Alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyekuja Ifakara kusomea afya, na aliuona mji wetu kama adhabu. Tuliobaki kundini tulikuwa wasichana watatu. Wawili walijipanga upande wake mapema. Wa tatu nilikuwa mimi, mtoto wa kijiji cha Idete, wa wakulima wa mpunga.

Mwalimu alikuwa ametupa kazi ya kutengeneza podikasti: mazungumzo yanayotokana na tafiti tulizosoma, lakini yasikike kama watu wanaongea, si wanasoma karatasi. Tukachagua malaria kwa wakulima wanaohamia mashambani msimu wa mpunga. Kiongozi akagawa kazi.

"Sisi tutaongea," alisema. "Wewe karekodi wanakijiji wenzako. Lafudhi yako wataielewa hukohuko."

Nilipanda bodaboda hadi Idete, nikamkuta mama mdogo juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, akifukuza ndege. Hakutaka kurekodiwa. Nilimbembeleza mpaka akakubali, kwa sababu ni mimi.

"Chandarua ninacho," aliiambia simu yangu. "Nimekiacha nyumbani. Hapa nitakifunga wapi? Kuta hakuna, upepo unakipeperusha, na nguruwe pori wakija lazima nishuke mbio. Hao wanaotushauri waje walale hapa wiki moja, ndipo watuambie."

Katika karatasi zote tulizosoma, sikuona mtu aliyelisema jambo hilo wazi namna hiyo. Nilimtumia kiongozi sauti yote.

Podikasti ilipochezwa darasani nikamsikia mama mdogo: "Chandarua ninacho. Nimekiacha nyumbani." Ikakatwa hapo hapo. Kikafuata kicheko cha kiongozi. "Mnaona? Tatizo si chandarua, tatizo ni kichwa." Wale wasichana wawili wakacheka naye, na darasa likacheka. Kufikia jioni podikasti ilikuwa imeshaenea kwenye makundi ya simu, hadi ya Idete. Kesho yake mama mdogo alinipigia. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliuliza, akakata simu.

Nilimkuta kiongozi na wale wasichana kwenye stoo tuliyokuwa tukirekodia, ambamo tuliegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi.

"Umekata maneno ya mama yangu mdogo."

"Nimehariri. Alikuwa anazunguka mno."

"Alitaja sababu. Umeitoa sababu, ukaweka kicheko chako."

"Dada, punguza jazba. Tunatafuta alama, si hadithi za kijijini kwenu."

Msichana mmoja akadakia, "Ukienda kwa mwalimu utatuangusha wote."

"Basi tuanguke."

Nilikwenda. Mwalimu alisikiliza rekodi ya simu yangu mara mbili. Kisha akaifuta kazi yetu na kutuamuru tuirudie, na safari hii wazungumzaji wawe wawili tu: kiongozi na mimi. Niliona ametuadhibu wote.

Tuliketi goti kwa goti, kipaza sauti kikiwa katikati. Hatukusalimiana. Kila alipotaja utafiti unaosifu vyandarua, nilimuuliza watu waliochunguzwa walilala kwenye nyumba za namna gani. Alipekua karatasi mpaka kurasa zikasikika kwenye rekodi. Alipotamka "dungu" vibaya nilimsahihisha. Akakosea tena, nikamsahihisha tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. Nilifurahia, na sijatubu.

Baada ya mabishano hayo tukaweka maneno ya mama mdogo yote, bila kukata hata pumzi.

Mwalimu alitusifu mbele ya darasa. Alisema hayo ndiyo mazungumzo aliyokuwa akiyatafuta, watu wawili wanaobanana kwa hoja. Kiongozi alitoka bila kunitazama. Wale wasichana waliikwepa meza yangu ya chakula mpaka tukamaliza chuo.

Niliipeleka rekodi mpya Idete baada ya mavuno. Mama mdogo aliisikiliza akiwa amesimama uani, ungo wa mpunga mkononi.

"Huyo kijana ameniomba radhi sehemu gani?" aliuliza ilipokwisha.

"Hakuomba, mama."

"Na wewe?"

Nilikuwa sijaomba. Nilikuwa nimepigana tu. Nikapiga magoti pale kwenye pumba, nikamwomba. Aliendelea kupepeta muda mrefu kabla ya kuniambia niinuke.