Siku Saksafoni ya Baba Ilipolia Kanisani

Nawasimulia hii nikiwa nimeinamisha kichwa, na mkitaka kucheka chekeni tu, hata kanisani walicheka.

Marehemu baba alipenda tamthilia za zamani za wapelelezi, zile za makoti marefu na sigara, ila hadithi yenyewe hakuwa na haja nayo (muuaji akishikwa, yeye keshasinzia), alichotaka ni ile jazi ya mwanzoni, besi inanyatia, kisha saksafoni inaingia, naye anagonga meza kwa kidole, "Kimya, watoto!" Basi nikaiweka kwenye simu yangu ilie kila anaponipigia.

Siku ya mazishi, kanisani kwetu huku ughaibuni, Scarborough, sikuizima simu. Nilijiambia nani atanipigia, wote wanaonijua si wako hapa? Watu wanapita mmoja mmoja kumuaga baba kabla jeneza halijafungwa, kimya kabisa, mara mfukoni mwangu besi ikaanza kunyatia. Naitoa, kwenye kioo pameandikwa: Baba. Jamani, niliganda! Saksafoni ikaingia, wanakwaya wakaangua kicheko, shangazi akaninong'oneza kwa hasira, "Zima hiyo kitu, unatuaibisha mbele ya Padri!" Nikakata. Ikalia tena. Nikaizima kabisa. Mhudumu wa mazishi akauliza kama familia yote imeshamuaga, nami, jinsi nilivyotaka yaishe (Mama nilidhani yuko mbele na dada zake), nikaitikia kwa kichwa bila hata kugeuka.

Mama alikuwa nje. Jirani alimshusha mlango wa pembeni, wenye njia ya kiti chake cha magurudumu, akaenda kuegesha gari, kumbe mlango umefungwa kwa ndani. Simu yake iliisha chaji, akatoa ya baba mkobani. Alipoingia, theluji mabegani, kifuniko kilikuwa kimeshakazwa. Nikawaomba wafungue. Mama akakataa.

"Mwacheni. Amesumbuliwa vya kutosha."

Kwenye chai baada ya maziko nilimwomba msamaha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Niliisikia pale mlangoni," akasema. "Saksafoni ya baba yenu. Nikajua umeona, unakuja. Kisha ikanyamaza."

Simu ile Mama anaitumia hadi leo. Nimeapa sitaikata tena kwa kuona haya, niwe kazini, kwenye basi, hata katikati ya misa. Naipokea besi ikiwa bado inanyatia. Saksafoni sijaisikia tena.